Kiuno cha Mdogo Wake

Zamani suruali ilimwambia mtu ukweli kabla hata mkewe hajathubutu, lakini siku hizi kila nguo ina lastiki, na lastiki ni kama bawabu aliyehongwa, ukimsukuma kidogo anakupisha.

Fundi aliyasema hayo kila alipopata wa kumsikiliza, na wa kumsikiliza walikuwa wanapungua. Baraza alilofanyia kazi liliwahi kujaa cherehani zikipokezana kelele tangu asubuhi, mafundi wakitaniana juu ya vichwa vya wateja. Sasa ilibaki ya kwake peke yake. Wenzake wengine walikufa, wengine waliuza mashine wakafungua vibanda vya vocha. Pale ilipokuwa meza ya kukatia vitambaa, mwenye duka alisimamisha friji ya soda iliyonguruma kutwa nzima kama mtu anayekoroma kazini. Watu hawakuja tena kupimwa. Walikuja kutiwa zipu na kukatwa pindo za suruali zilizoshonwa mbali, na mtu asiyewajua, kwa mwili usio wao.

Jicho lakini alikuwa nalo bado. Mtu akipanda ngazi ya baraza, kabla hajasalimia, Fundi alikwisha kujua kiuno chake, na mara nyingi alijua na mengine: nani kafiwa, nani kaacha pombe, nani ana mimba changa. Akanyamaza. Aliyemfundisha kazi alimwonya mapema kwamba fundi anayetangaza viuno vya watu atakufa na mashine yake ikiwa mpya. Nguo ikimbana mteja, unaifumua, unaiachia, unairudisha imepigwa pasi, na wala humwambii kitu.

Adabu hiyo ndiyo iliyomponza.

Kwanza alijiponza mwenyewe. Aliziachia suruali zake mwaka hadi mwaka, kimyakimya, kana kwamba mteja ni mtu mwingine, mpaka siku alipokwenda kliniki kwa ajili ya kikohozi na daktari, binti mdogo mwenye sauti ya taratibu, akaacha habari ya kikohozi.

"Baba, presha iko juu na sukari inaanza. Kwenu yupo mwenye sukari?"

Katika ukoo wao sukari haikuwa habari ya redioni. Ilimchukua baba yao kwa awamu: kwanza kidole, kisha wayo, kisha mguu hadi gotini, mwisho ikamchukua mwenyewe. Fundi wakati huo alikuwa ameanza kazi juzijuzi, na ndiye aliyezikata suruali za baba yake upande mmoja na kuzishona ncha, nadhifu, kama mfuko. Baba alizivaa akashukuru. Shukrani ile Fundi hakuwahi kuisahau, na siku hiyo kliniki ilimrudia.

"Yupo," alijibu. "Alikuwepo."

Akaanza na chai. Kijiko cha sukari kikawa nusu, nusu ikawa hakuna, na kwa muda alikunywa chai amekunja uso kama mtoto anayenyweshwa dawa ya minyoo. Pikipiki ya kumpeleka kazini akaiacha, akaenda kwa miguu kama walivyokwenda watu wote alipokuwa kijana, enzi ambazo mtu akisema anakwenda kutembea bila kuwa na anakokwenda aliulizwa kama amegombana na mkewe. Nyumbani alimwomba mkewe apunguze mafuta.

"Mafuta nimekupikia tangu unanioa, hayakukuua," mkewe alisema. "Leo ndiyo yameokota kisu?"

"Yalikuwa nacho siku zote, mama. Yalikuwa yanakinoa."

Mkewe alicheka, kisha akaacha kucheka, akaiweka chupa ya mafuta rafu ya juu kabisa, asikofika yeye mwenyewe bila kupanda kiti.

Mwili ukapungua. Fundi akazifumua suruali zake tena, safari hii akizirudisha ndani, na mtaa ukaanza kunong'ona. Zamani mtu akikonda aliitwa akale. Siku hizi anachaguliwa ugonjwa. Mteja mmoja wa siku nyingi alikuja kudai kitambaa chake kabla hakijashonwa.

"Si ulisema huna haraka?"

"Sina, Fundi. Ila nimeona isije ikawa kukusumbua, ukiwa umepumzika."

"Kupumzika wapi?"

"Kupumzika tu."

Fundi akamrudishia, alama za chaki zikiwa bado juu yake. Jioni alimsimulia mkewe wakacheka wote wawili. Hofu yake kwa wakati huo ilikuwa imekwisha kuhama. Ilitoka kwake, ikaenda kukaa kwa mdogo wake.

Mdogo wake aliendesha gari la maji, lile lenye tangi kubwa mgongoni ambalo watu huliita boza, na kwa kuwa gari na dereva walifanana umbo, jina likahamia kwake. Boza alilicheka jina hilo kama alivyocheka kila kitu. Alikaa nyuma ya usukani kutwa nzima, akashuka kuunganisha mpira wa maji, akapokea soda ya mwenye nyumba, akapanda tena. Baba yao alipofariki, Boza alikuwa bado wa shule, na Fundi ndiye aliyemlea. Kaptula zake zote Fundi alizishona na kuacha kitambaa cha kutosha ndani ya mshono wa nyuma, kama ilivyokuwa desturi ya kila mzazi mwenye akili, maana mtoto anakua na kitambaa hakikui. Mtoto akakua, akamaliza kukua kwenda juu, akaanza kukua kwenda pembeni, na kaka yake hakuacha ile desturi. Kila suruali ilikuwa na akiba yake. Ikibana, shemeji aliileta barazani imefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kusema, "Shemeji, hii irekebishe kidogo," na Fundi aliirekebisha. Watu wengine hufika siku moja dukani wakalazimika kuomba saizi kubwa zaidi mbele ya wageni, na aibu ile huwasaidia. Boza hakuwahi kuipata. Alikuwa na kaka fundi.

Shemeji, mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno, ndiye aliyemburuta mumewe kliniki baada ya kumwona anaamka kunywa maji kama ng'ombe wa safari. Walipotoka huko walipitia barazani.

"Wamesema nini?" Fundi aliuliza, ingawa nyuso zilikwisha kumjibu.

"Wamesema mimi ni mtamu," Boza alisema. "Nimemwambia shemeji yako siku zote, hasadiki."

"Sukari," shemeji akasema. "Iko juu. Wamempa vidonge, na wamesema apunguze mwili."

"Kaka, nitapunguza wapi? Mwili wenyewe wa kazi. Boza bila maji linayumba barabarani."

Fundi hakucheka. Alikuwa anamtazama mdogo wake miguuni, viatu vilivyokanyagwa visigino kwa sababu kuinama kufunga kamba kulikuwa kumeshamshinda.

"Kesho asubuhi nakupitia," alisema. "Tunatembea."

"Kwenda wapi?"

"Kurudi."

Wakaanza. Walitembea watatu, shemeji akiwemo, asubuhi kabla ya kazi, kwa barabara ya nyuma ya ukuta wa shule hadi kwenye mwinuko ambao juu yake kulikuwa na karakana ya magari. Boza alilalamika njia nzima. Aliuliza kama karakana hiyo haiwezi kushushwa. Alimsalimia kila mtu ili apate sababu ya kusimama. Hata hivyo alitembea, na soda aliipunguza, na shemeji alikuwa ameanza kumfungia chakula cha mchana kutoka nyumbani, asije akakitafuta barabarani. Fundi alimsindikiza kwa macho kila hatua, na usiku akilala aliona ule mguu wa suruali ulioshonwa ncha.

Baada ya wiki kadhaa Boza alikuja barazani kabla ya muda wa kuanza kazi, suruali yake ya kaki ya kazini begani, akakaa kwenye benchi la wateja, benchi likaguna.

"Suruali ileile, Kaka. Inanibana palepale."

"Mwili hauna haraka."

"Mimi ninayo. Chai imekuwa maji ya kuoshea vyombo. Jamaa kazini wanakunywa soda, mimi natazama chupa kama picha ya marehemu. Ingekuwa napungua hata kidole kimoja ningesema sawa. Mimi nadhani wengine tumeumbwa hivi. Kesho usinipitie."

Alisema bila kutania, na hapo ndipo Fundi alipoogopa zaidi. Mdogo wake akitania alikuwa bado yupo. Sasa alikuwa anaondoka.

"Pindo la hiyo suruali limefumuka," Fundi akasema. "Niachie, utaipitia jioni."

Pindo lilikuwa limefumuka kweli, nyuzi mbili tatu. Fundi alilishona. Kisha akaigeuza suruali ndani nje, akaushika mshono wa kiuno, akakaa nao mkononi muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyotaka. Akaufumua, akauachia kidogo, upana wa mstari wa chaki, akaushona tena, akapiga pasi mpaka alama ya zamani ikalala. Alijiambia ni mara moja tu, ya kumtoa mtu shimoni. Maishani mwake alikuwa ameachia viuno vya watu wengi kuwaficha unene wao. Hii ilikuwa mara ya kwanza kumwachia mtu ili ajione amepungua.

Siku mbili baadaye simu ililia.

"Kaka, inadondoka," Boza alisema, na sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa kaptula. "Nimeivaa, nimeingiza mkono mzima ndani. Nipitie kesho. Hata mapema zaidi."

Akatembea kweli. Alipanda mwinuko akisimama mara chache, akamcheka kaka yake anayehema. Fundi alifurahi na hakufurahi. Suruali ya pili ilipoletwa kutiwa kifungo, aliiachia na hiyo, maana moja ingelegea na nyingine ibane, siri ingetoka yenyewe. Ile ya kwanza iliporudi tena, akaongeza kidogo. Hiyo ndiyo shida ya mshono uliotiwa uongo, unataka kufuatwa na mwingine. Barazani sasa, kila alipoona ule mfuko wa plastiki unakuja, moyo ulimruka.

Halafu ukaja bila suruali. Shemeji alikaa kwenye benchi, akaukunja mfuko mtupu juu ya magoti.

"Shemeji, nilitaka uongee na mdogo wako."

"Amefanya nini?"

"Vidonge ameacha. Anasema vidonge ni vya wanene. Kliniki nayo ilikuwa tarehe yake wiki iliyopita, hakwenda. Nikimwambia, ananivutia kiuno cha suruali. Ananiambia, mama, tazama, hapa unaona ugonjwa?"

Friji ya soda ilinguruma. Fundi alikuwa na uzi midomoni, akautoa.

"Na soda?"

"Amerudia. Anasema ni ya kujipongeza." Akashusha sauti, "Jana aliegesha gari pembeni na maji ya watu ndani. Anasema macho yalikuwa yanaona ukungu. Baadaye yakatulia, akaendelea. Boza limejaa, shemeji, na barabara ina watoto wa shule."

Fundi aliahidi kuongea naye. Alipoondoka yule mama, alijaribu kutunga uzi kwenye sindano, ukakataa, akajaribu tena, ukakataa. Akisema ukweli, Boza angeacha kutembea na asingemwamini tena mtu yeyote aliyemwambia habari ya mwili wake. Akinyamaza, angekuja kuambiwa barazani kwamba gari la maji limeacha njia, au polepole zaidi, angeletewa suruali akate mguu mmoja. Alibaki na jambo hilo siku nzima, na siku iliyofuata, akijipa sababu: leo amechoka, leo ana wageni, leo timu yake inacheza. Mkewe ndiye aliyemmaliza.

"Kila chakula unakitazama kama barua ya korti," alisema. "Una nini?"

Akamweleza. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi.

"Wewe ndiye uliyemwambia amepona," alisema. "Daktari hajamwambia hivyo. Nenda ukalifumue."

Alikwenda Jumapili mchana. Boza alikuwa kwenye kochi, anatazama mpira, chupa ya soda sakafuni kando ya mguu. Alimkaribisha kaka yake kwa shangwe, akataka kumwagizia kinywaji. Fundi alimwomba shemeji alete ile suruali ya kaki ya kazini. Ilipoletwa aliigeuza ndani nje, akaiweka kwenye mapaja ya mdogo wake.

"Tazama mshono wa nyuma."

"Kwani imekuwaje?"

"Weka kidole hapa. Unaona hivi vitundu vya sindano? Hapa ndipo mshono ulipokuwa siku ulipokuja kuniambia nisikupitie. Kitambaa hapa kimekolea rangi, hakikupata kufuliwa kikiwa nje. Halafu tazama hapa. Halafu hapa, ndipo ulipo leo."

Boza alipitisha kidole gumba juu ya mistari ile polepole, kama kipofu. Televisheni ilikuwa inapiga kelele za uwanja mzima.

"Kwa hiyo sijapungua."

"Umepungua. Kidogo. Sijui kiasi gani."

"Hujui? Wewe?"

"Sijakupima. Niliogopa kukupima."

"Mimi nilikuwa natembea kwa miguu yangu, Kaka."

"Najua."

"Kazini niliwaita. Nilisimama mbele ya madereva wote nikavuta kiuno nikawaambia, tazameni, nyinyi mnaonicheka." Akaifinya suruali mapajani. "Na wewe ulikuwa huku na sindano yako."

"Ulitaka kuacha. Sikuwa na pa kukushikia."

"Ulinishika kama unavyomshika mtoto. Mwaka gani nitakuwa mtu mzima kwako?"

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, mkono kwenye fremu. Fundi alimwona anatazama kwingine. Akanyoosha mkono kuichukua suruali.

"Lete niirudishe ilivyokuwa. Uanze upya, ujue uliko."

Boza aliivuta upande wake. "Usiishike tena."

"Sawa. Mimi niache. Kutembea na mimi, acha. Vidonge usiache, mdogo wangu. Unamkumbuka baba."

"Mimi nilikuwa mdogo," Boza alisema. "Mimi nakumbuka fimbo yake tu. Wewe ndiye unayekumbuka mguu." Akachukua rimoti, akaongeza sauti.

Kuanzia hapo mfuko wa plastiki haukuja. Fundi alitembea peke yake asubuhi, na akipita nyumba ya mdogo wake alipunguza mwendo kidogo, akakuta mlango umefungwa. Mkewe alimpelekea shemeji salamu sokoni, salamu zikarudi, fupi. Mtaani waliuliza Boza yuko wapi, Fundi akajibu yuko na kazi nyingi. Uzito wake mwenyewe ulizidi kushuka wakati ule bila yeye kutaka, na mkewe akaishusha chupa ya mafuta rafu ya chini.

Siku moja shemeji alipita barazani, hakukaa.

"Kampuni imemhamisha," alisema. "Kituo kipya, mji mwingine. Tunakwenda mwisho wa wiki."

"Kliniki?"

"Alienda. Siku ya pili tu baada ya wewe kuja, bila kuniambia. Sukari ilikuwa juu mno, wakamgombeza."

"Na vidonge?"

"Vidonge anachukua. Kama anameza, shemeji, sijui. Anakwenda navyo bafuni, na mlango anafunga."

Fundi alitaka kuuliza mengine. Anakula nini, macho yanaona, viatu anafunga kamba. Aliuliza moja tu, kama mwili umepungua. Shemeji alifikiri.

"Nguo zinamning'inia," alisema. "Lakini zile nguo, unajua mwenyewe."

Asubuhi ya mwisho wa wiki ile Fundi alitoka mapema kuliko kawaida, na alipopinda ukuta wa shule aliwaona mbele yake, mbali kidogo, wameshaanza kupanda mwinuko. Boza alikuwa mbele, shemeji nyuma yake na chupa ya maji. Hawakuwa wamemwona. Fundi angeweza kuita, sauti ingefika. Akapunguza mwendo.

Boza alikuwa amevaa ile suruali ya kaki. Kwa nyuma mkanda ulikuwa umeikusanya ikajaa mikunjo, na jicho la Fundi, ambalo halikuwahi kushindwa na kiuno cha mtu yeyote, lilikwenda pale likakwama. Mikunjo ile huenda ilikuwa ni mwili uliopungua kwa kutembea na kula vizuri. Huenda ni mwili unaoliwa na sukari, maana nayo hukondesha kabla ya kumaliza. Au haikuwa chochote ila mkono wake mwenyewe, na mdogo wake yuko vilevile chini ya kitambaa. Alikaza macho mpaka yakaanza kutoa machozi. Hakuweza kujua.

Katikati ya mwinuko Boza alisimama, akashika nguzo ya umeme. Fundi naye akasimama. Shemeji alimfikia, akampa chupa, akamwekea mkono mgongoni. Boza alikunywa, akaangalia juu ya barabara, akabaki ameegemea nguzo kwa muda ambao Fundi, kule chini, hakuvuta pumzi. Kisha akamrudishia mkewe chupa, akaendelea. Shemeji aligeuka mara moja. Alimwona shemeji yake, akainua mkono usawa wa nyonga, mahali ambapo mumewe asingeuona, akamfuata.

Wakafika juu, wakaanza kuzama upande wa pili, kwanza miguu, kisha kiuno, kisha vichwa.